Mafunzo ya watu wa hazina yafuate kazi, si kasma inayokaribia kufa

Mhariri,

Ikifika Mei, kumbi za mikutano za Dodoma, Morogoro na Arusha hazikosi semina ya wahasibu wa wizara, wa Hazina Ndogo za mikoa na waweka hazina wa halmashauri. Mada ni zilezile: Sheria ya Fedha za Umma, Sura ya 348, Sheria ya Bajeti ya 2015, viwango vya uhasibu, maadili ya utumishi. Siku tano, picha ya pamoja, vyeti, kila mtu anarudi kituoni kwake. Hatuna ugomvi na mada hizo wala na wanaozitoa. Ugomvi wetu ni wakati zinapotolewa, na kwamba hakuna anayeuliza mshiriki ataweza kufanya nini Jumatatu akirudi mezani.

Mei inachaguliwa kwa sababu moja. Kasma ya mafunzo (fungu lake kwenye bajeti) isiyotumika hadi 30 Juni inakufa na mwaka wake, kwa hiyo kila ofisi inakimbiza kilichobaki. Lakini Mei na Juni ndiyo miezi ambayo mhasibu hatakiwi kabisa kuwa mbali na ofisi. Hati za madai za wakandarasi zimerundikana, vibali vya matumizi vya mwisho vinaingia, masurufu (fedha watumishi walizotangulizwa kwa kazi) yanatakiwa yarejeshwe, na maombi ya kubaki na bakaa (salio) ya miradi lazima yaandikwe kabla mwaka haujafungwa. Anayeachiwa ofisi ni msaidizi, na si ajabu kumkuta na nywila ya bosi wake imeandikwa kwenye kikaratasi chini ya kibodi. Mfumo wa malipo wa Serikali, MUSE, umejengwa ili mmoja aandae malipo, mwingine ahakiki, wa tatu aidhinishe. Nywila zote zikiwa kwa mtu mmoja, hatua hizo zinabaki jina tu: malipo yanaandaliwa, yanahakikiwa na kuidhinishwa ndani ya dakika chache kwenye kompyuta ileile. Na mwidhinishaji mwenyewe siku hiyo yuko Arusha akisikiliza mada ya udhibiti wa ndani.

Kalenda ya kazi inajionesha yenyewe. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai. Hesabu za mwaka uliopita zinatakiwa zimfikie Mdhibiti na Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) ndani ya miezi 3, kwa hiyo Julai, Agosti na Septemba ni miezi ya kufunga hesabu. Msiwaguse watu hawa. Oktoba na Novemba kuna nafasi. Mwishoni mwa Januari, taarifa ya nusu mwaka ikishatoka, kuna nafasi nyingine fupi. Kisha Aprili, baada ya ripoti ya CAG kuwasilishwa bungeni, siku mbili zinatosha kuisoma hoja kwa hoja. Hicho ndicho kitabu cha kufundishia cha bei nafuu kuliko vyote, maana kila kosa linaloweza kufanywa na halmashauri yako limekwishafanywa na jirani yako na limeandikwa humo pamoja na kiasi. Kinachohitajika ni kuiweka kasma ya mafunzo kwenye robo ya pili wakati wa kupanga bajeti kwenye PlanRep, mfumo wa mipango na bajeti, na kuiombea fedha mapema kwenye mpango wa mtiririko wa fedha. Hakuna sheria ya kubadilisha hapo.

Sasa kinachofundishwa. Tukiambiwa tuchague jambo moja la siku ya kwanza, tutachagua usuluhishi wa benki, yaani kulinganisha daftari la fedha la ofisi na taarifa ya benki, na hatutaanza na tafsiri yake wala umuhimu wake. Tutampa kila mshiriki kurasa nne za taarifa ya benki na kurasa nne za daftari la fedha, kalamu, na saa moja na nusu. Tuseme daftari linaonesha bakaa ya Sh 412,600,000 na benki inaonesha Sh 431,150,000. Tofauti ni Sh 18,550,000. Mshiriki akipekua mstari kwa mstari atakuta mambo matatu. Malipo ya mzabuni ya Sh 14,200,000 yalitoka, yakarudi, kwa sababu jina la akaunti halikufanana na lililoandikwa kwenye mfumo. Sh 5,150,000 zimeingia benki na mlipaji hajulikani. Na Sh 800,000 za ushuru zimeandikwa kwenye daftari kutoka mashine ya POS, ila benki hazijaonekana. Mbili za kwanza zinaongezwa kwenye daftari, ya tatu inaongezwa upande wa benki, na pande zote mbili zinafika Sh 431,950,000.

Wengi wataipata hesabu hiyo. Kazi ya mkufunzi inaanza pale wanapodhani wamemaliza. Zile Sh 14,200,000 si mapato. Ni deni la mzabuni lililofufuka, na lazima lirudi kwenye orodha ya wadai siku hiyohiyo, jina la akaunti lisahihishwe, malipo yapelekwe upya. Zisipoandikwa, hutokea moja kati ya mawili: mzabuni anadai miezi sita huku ofisi inamwonesha hati ya malipo yenye muhuri, au mtu anaiona bakaa iliyonona na kuitumia kwa jambo lingine. Zile Sh 5,150,000 haziruhusiwi kuingia kwenye mapato ya ndani kwa sababu tu zimeingia akauntini. Zikae kwenye amana ya fedha zisizotambuliwa hadi benki ijibu. Huenda ni za mfadhili aliyelipa bila kutumia kontrol namba, na mradi wake unazisubiri. Na zile Sh 800,000 ndizo za kukazia macho kuliko zote, ingawa ni ndogo. Fedha iliyokusanywa leo inatakiwa ionekane benki kesho, au keshokutwa ikiwa kuna sikukuu katikati. Ikibaki kwenye usuluhishi wa mwezi unaofuata, na wa tatu, hiyo haiko njiani tena. Hiyo ni fedha mbichi, imeliwa au imetumika kituoni bila kupita benki, na usuluhishi ulioandika "fedha zilizo njiani" kwa miezi mitatu mfululizo umekuwa pazia.

Kigezo cha kimataifa cha kupima usimamizi wa fedha za umma, PEFA, kinatoa daraja la A kwa serikali inayosuluhisha akaunti zake zote angalau kila wiki. Kwa halmashauri yenye akaunti chache, na kwa kuwa Akaunti Jumuifu ya Hazina (akaunti moja kuu ya fedha za Serikali) imepunguza utitiri wa akaunti za zamani, hilo linawezekana. Kinacholikwamisha ni mazoea ya kulisubiri jalada la mwezi.

Jambo la pili ni mpango wa mtiririko wa fedha, na hapa semina nyingi hupita kama mbio za mwenge. Kosa kubwa ni kugawa bajeti ya mwaka kwa 12. Halmashauri ya Mtwara au Lindi inayotegemea ushuru wa korosho haipati fedha sawa kila mwezi. Minada inaanza Oktoba na mapato yanarundikana katika miezi michache inayofuata. Ushuru wa huduma wa makampuni huingia kwa robo mwaka. Leseni za biashara zina msimu wake. Upande wa matumizi nao haujalala: mishahara ya watumishi wanaolipwa kwa mapato ya ndani haiahirishwi, na mkandarasi anapeleka hati ya madai anapofika hatua fulani ya ujenzi, si mwisho wa mwezi.

Njia inayofanya kazi ni kuanza na mapato halisi ya miaka 3 iliyopita kwa kila chanzo, mwezi kwa mwezi, na kutafuta kila mwezi unachukua asilimia ngapi ya mwaka. Asilimia hizo zikizidishwa na bajeti mpya zinatoa umbo la mwaka. Baada ya hapo tengeneza jedwali la wiki 13 zijazo: bakaa ya kuanzia, yanayoingia kwa chanzo, yanayotoka kwa jina la anayelipwa, bakaa ya mwisho. Kila Ijumaa wiki iliyopita inafutwa, nyingine inaongezwa mwishoni, na tofauti kati ya makisio na kilichotokea inaandikiwa sababu kwa sentensi moja. Sentensi hiyo ndiyo mafunzo yenyewe. Baada ya miezi mitatu mweka hazina anajua makisio ya idara gani ni ya ndoto.

Bila jedwali hilo, mkurugenzi anauliza "tuna fedha?" na anajibiwa kwa bakaa ya benki ya asubuhi hiyo. Jibu hilo ni la hatari, kwa kuwa ndani ya bakaa kuna fedha za mikopo ya asilimia 10 ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, kuna amana za watu, kuna makato ambayo bado hayajapelekwa TRA na kwenye mifuko ya jamii. Mhasibu aliyefundishwa vizuri anajibu kwa namba mbili, kilichopo na kilicho chetu.

Madeni ya wazabuni yanatufikisha mahali ambapo wahasibu peke yao hawawezi kusaidika kwa semina yoyote. Deni halianzii kwenye ofisi ya fedha. Linaanza pale mkuu wa idara anapompigia simu fundi alete vipuri vya gari, au mtu wa ugavi anapoandika LPO (hati ya kuagiza bidhaa) ya mkono akiahidi kuiingiza kwenye mfumo baadaye. LPO ikitoka ndani ya mfumo, kasma inafungwa kwa kiasi hicho na hakuna wa kuitumia mara mbili. Ikitoka nje, kasma inaonekana nyeupe kana kwamba haijaguswa, mwingine anaitumia, ankara ya vipuri inakuja Agosti wakati mwaka umekwishafungwa, na inalipwa kutoka matumizi mengineyo ya mwaka mpya. Mwaka mpya unaanza ukiwa umeumwa. Hilo likijirudia kwa idara kumi kwa miaka mitatu unapata malimbikizo ya madeni ambayo kila Bunge linayalalamikia, na huko nyuma hakuna aliyeiba hata shilingi.

Kwa hiyo mafunzo ya udhibiti wa ahadi za malipo yafanywe kwa ofisi nzima kwa pamoja: Afisa Masuuli (mkuu wa ofisi anayewajibika kwa fedha zake), wakuu wa idara, ugavi, mipango, mkaguzi wa ndani, fedha. Waletwe na orodha ya wadai wao halisi, iliyopangwa kwa umri: hadi siku 30, siku 31 hadi 90, zaidi ya siku 90. Kila deni la kundi la tatu lifuatiliwe hadi mwanzo wake: nani aliagiza, LPO namba ngapi, ilitoka kabla au baada ya bidhaa kupokelewa. Asubuhi moja ya zoezi hilo inabadilisha tabia kuliko mada tatu za sheria, kwa sababu mkuu wa idara anaiona saini yake mwenyewe. PEFA inatoa daraja la A pale malimbikizo yasipozidi asilimia 2 ya matumizi yote. Kila ofisi ijipime mbele ya wenzake.

Yako pia mambo mapya ambayo kweli yanahitaji darasa. Tanzania inaandaa hesabu zake kwa Viwango vya Kimataifa vya Uhasibu katika Sekta ya Umma, IPSAS, na viwango hivyo vimebadilika. IPSAS 45 ya majengo, mitambo na miundombinu imechukua nafasi ya IPSAS 17 kwa vipindi vinavyoanza 1 Januari 2025 au baadaye. IPSAS 47 ya mapato imechukua nafasi ya viwango vitatu kwa mpigo, namba 9, 11 na 23, kwa vipindi vinavyoanza 1 Januari 2026 au baadaye. Kwetu hilo maana yake ni mwaka wa fedha unaoanza 1 Julai 2026.

Chukua ruzuku ya Sh 600,000,000 ya madarasa iliyoingia Mei, na hadi 30 Juni kazi iliyothibitishwa na mhandisi ni ya Sh 150,000,000. Je, mapato ya mwaka ni milioni 600 au 150? Chini ya IPSAS 47 mhasibu lazima kwanza asome makubaliano yenyewe. Yanampa kila upande haki na wajibu unaoweza kudaiwa kisheria? Halmashauri imefungwa kujenga madarasa hayo au kurudisha fedha? Ikiwa ndivyo, mapato yanatambuliwa kadiri wajibu unavyotekelezwa, na milioni 450 zilizobaki zinakaa kwenye madeni. Ikiwa hakuna makubaliano ya namna hiyo, jibu linabadilika. Hili halifundishiki kwa kusoma slaidi. Linafundishika kwa kuweka mezani barua na mikataba ya ruzuku kumi halisi, majina ya wahusika yakiwa yamefichwa, na kuwaacha washiriki wabishane. Watakachogundua mapema ni kwamba nakala za makubaliano hazimo ofisini mwao. Ziko idara ya mipango, kama zipo.

Ukataji wa mwaka, yaani kuamua deni au pato ni la mwaka upi, nao unaangusha watu kila mara. Dawa zilizopokelewa 28 Juni na ankara yake ikaja 5 Julai ni deni la mwaka uliokwisha. Kinachotawala ni tarehe ya kupokea, na tarehe hiyo iko kwenye hati ya kupokelea bidhaa ya mtunza stoo, ambaye hakualikwa kwenye semina.

Kuhusu gharama, tusidanganyane. Washiriki 30 kwa siku 6 za posho, tukichukua mfano wa Sh 150,000 kwa siku, ni Sh 27,000,000 kabla ya ukumbi, nauli na chai. Wakufunzi wawili kwa siku hizohizo 6 ni Sh 1,800,000 na mafuta ya gari. Wakienda wao kwenye halmashauri, wanawakuta watu wote, kumbukumbu zote na mfumo uleule wenye matatizo yaleyale, na hakuna ofisi inayofungwa. Tunajua hoja ya upande wa pili, kwamba watu wakibaki kituoni wanaitwaitwa na hawatulii. Ni kweli. Dawa yake ni asubuhi nne za saa nne kila moja, simu zikikusanywa, mchana watu wanafanya kazi zao na mkufunzi anazunguka mezani. Tunajua pia hoja isiyosemwa, ya posho, na ndiyo ngumu zaidi. Mtumishi wa kipato cha chini anaihesabu semina kama sehemu ya mwezi wake. Anayetaka kuhamisha mafunzo kutoka hotelini kwenda ofisini bila kuligusa hilo ajiandae kwa mgomo wa kimyakimya.

Darasa la ukumbini libaki kwa mambo ambayo mtu hawezi kuyapata kituoni: viwango vipya, usimamizi wa deni na dhamana za Serikali, mafunzo ya East AFRITAC, kituo cha Shirika la Fedha la Kimataifa ambacho makao yake yako hapahapa Dar es Salaam. Vyuo vya fedha na uhasibu vya IFM, IAA na TIA, pamoja na Chuo cha Serikali za Mitaa Hombolo, vina walimu wazuri. Tatizo ni kwamba wanaagizwa mada badala ya kuagizwa matokeo. Mkataba wa mafunzo useme hivi: miezi 3 baada ya darasa, siku za kukamilisha usuluhishi ziwe zimepungua kutoka ngapi hadi ngapi, malipo yanayorudi kwa akaunti kukosewa yawe mangapi kwa mwezi, masurufu yaliyopitiliza muda yawe kiasi gani, madeni ya zaidi ya siku 90 yawe yameshuka kwa kiasi gani. Namba za kuanzia zichukuliwe kabla ya darasa. Saa za mafunzo endelevu ambazo NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi, inawadai wanachama wake ni jambo jema, ila zinapima muda wa kukaa kitini.

Kenya wanayo faida moja ambayo wakufunzi wetu wangeweza kuiazima. Sheria yao ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 imeandika tarehe ndani yake: mpango wa maendeleo wa kaunti ifikapo 1 Septemba, mapitio ya bajeti 30 Septemba, waraka wa mkakati wa fedha 28 Februari, makadirio 30 Aprili. Ofisa wa hazina katika kaunti yoyote kati ya 47 anaweza kufundishwa kwa kufuata kalenda hiyo, kila zoezi wiki chache kabla ya tarehe yake. Haina maana kwamba kaunti zote zinazitimiza, malimbikizo yao yanajulikana. Lakini mafunzo yana mahali pa kujishikiza.

La mwisho ni ngazi ambayo semina za Mei hazijawahi kuifikia. Ruzuku za elimu na afya sasa zinakwenda moja kwa moja kwenye akaunti za shule, zahanati na vituo vya afya, na mfumo wa hesabu za vituo, FFARS, ulitengenezwa kwa ajili yao. Katika vituo vingi anayeandika hesabu ni mwalimu au muuguzi. Hahitaji IPSAS. Anahitaji siku mbili: namna ya kuandika mapokezi siku yanapoingia, namna ya kuambatisha muhtasari wa kamati, risiti ya EFD na hati ya kupokelea kwenye kila malipo, kodi ya zuio inakatwa lini na inapelekwa wapi, na namna ya kulinganisha kitabu na benki kila Ijumaa. Mpeni daftari lenye safu zilizokwisha kuchapwa na namba ya simu ya mhasibu mmoja wa halmashauri anayepokea. Na afundishwe pamoja na mwenyekiti wa kamati yake, kwa kuwa ndiye anayetia saini ya pili, na asipojua anachosaini, saini hiyo ni ya mtu mmoja.

Wahasibu wa sekta ya umma,
Dodoma